Bamvua la Machi katika Hori ya Mida: ufike saa ngapi, ukae wapi

Swali: Nina darubini ya 8x42 na nimeanza kujifunza ndege wa pwani. Mwezi uliopita nilikwenda Hori ya Mida, ule mkono wa bahari ulioingia bara karibu na Watamu, siku ya bamvua, yaani siku ya maji makubwa yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine. Nilifika maji yamejaa kabisa, nikaona mikoko, maji matupu na yangeyange wawili. Wenyeji wakaniambia ndege walikuwapo tele mchana. Mwezi huu wa Machi jedwali la maji linaonyesha kupwa mita 0.1 saa 4:05 asubuhi, na kujaa mita 3.6 saa 10:20 jioni. Nifike saa ngapi, nikae wapi, na nitawatofautishaje ndege ambao machoni pangu wote ni wa kijivu?

Jibu: Mahali ulipatia, ndugu, ulichokosea ni saa. Watu wengi husikia kwamba ndege wa tope huonekana vizuri maji yakijaa, wakadhani maana yake ni kufika wakati maji yako kileleni. Mida, siku ya bamvua kubwa, maji ya kilele hufunika tope lote hadi kwenye mizizi ya mikoko. Ndege asiye na pa kusimama hukaa juu ya mti, au hutoka kwenye hori kabisa akatafuta mchanga na miamba iliyobaki kavu upande wa bahari. Uliyemtaka uwe umemwona saa mbili tatu kabla, maji yalipokuwa yanamsukuma kuja kwako.

Tuanze na hesabu ya maji, maana ndiyo itakayokupangia siku nzima. Baina ya kupwa kwako na kujaa kwako kuna saa sita na robo, na maji yanapanda mita 3.5. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kimo chote mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu na ya nne matatu matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa siku yako fungu moja ni kama sentimita 29. Kwa hiyo hadi saa 6 mchana utaona maji kama hayajaamua, kisha baina ya saa 6:10 na saa 8:15 yatapanda mita moja na robo tatu, yaani nusu ya kimo chote. Chukulia uwanda wa tope unaoinuka mita moja katika kila mita 200. Kwa kasi hiyo ukingo wa maji unasogea karibu mita 3 kila dakika. Ndege aliyekuwa doa jeusi umbali wa mita 300 anaweza kuwa mbele yako baada ya saa moja na nusu, nawe hujainua mguu.

Hesabu hiyo ina marekebisho mawili. Kwanza, majedwali mengi ya pwani ya Kenya huhesabiwa kwa bandari ya Kilindini, Mombasa. Mida ni hori lenye mlango mwembamba na tumbo pana, na maji huchukua muda kupita mlangoni. Ndani kabisa, kupwa na kujaa huchelewa kuliko baharini. Usikariri dakika za mtu mwingine, kwa sababu zinategemea umesimama sehemu gani ya hori. Weka alama yako: chagua mzizi mmoja wa mkoko au nguzo, tazama maji yalipofika kila dakika kumi, uandike saa yaliposimama. Tofauti yake na jedwali haitabadilika sana kutoka bamvua moja hadi jingine mahali hapo hapo. Pili, hakikisha programu ya simu yako inatumia saa za Afrika Mashariki. Zipo zinazoonyesha saa za kimataifa, na kosa la saa tatu linatosha kukufikisha mapema mno, maji yamepwa na ndege wako mbali.

Ukikosa jedwali, fuata mwezi kama wavuvi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji mafu huja katikati yake. Katika pwani yetu kujaa kwa bamvua huangukia karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kati ya asubuhi na adhuhuri, tena kimo chake ni kidogo, na sehemu ya tope hubaki wazi kutwa. Anayetaka kutazama bila haraka, ndege wakiwa wametawanyika, maji mafu yanamfaa. Anayetaka kuwaona kwa wingi na kuwahesabu asubiri bamvua, na bamvua za karibu na Machi 21 huwa miongoni mwa kubwa za mwaka, kwa sababu jua wakati huo liko juu ya ikweta na mvuto wake unasaidiana vizuri na wa mwezi.

Kwa siku yako, basi, uwe umekaa kufikia saa 7 mchana. Kilele chako cha kutazama ni kati ya saa 7:30 na saa 9:00 kwa saa za jedwali, ongeza ule ucheleweshaji wa hori. Kuanzia saa 9 ndege watabanana kwenye vipande vya mwisho vya mchanga, na kabla ya saa 10 wengi watakuwa wameruka. Kaa upande wa bara, upande wa barabara ya Mombasa–Malindi, si upande wa Watamu. Mchana huo jua litakuwa mgongoni mwako na kuangaza ndege usoni. Aliye ng'ambo ya pili wakati huo huona vivuli tu.

Pale upande wa bara jamii ya wenyeji ina njia ya mbao inayoning'inia kupita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kuangalia ndege, ukingoni mwa tope. Lipa ada yao bila kusita, maana mapato yake yanasaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka kandokando ya hori na Msitu wa Arabuko-Sokoke. Faida ya kibanda ni kwamba umbo la mtu halionekani dhidi ya anga. Ukilazimika kukaa nje, keti chini ya mkoko, usisimame. Vaa nguo za rangi ya udongo au kijani kilichopauka. Kanzu au fulana nyeupe juu ya tope huonekana kutoka mbali, na ndege hawa wamezoea kukimbia kila kinachong'aa na kusogea.

Darubini yako ya 8x42 inatosha hadi mita 80 hivi. Zaidi ya hapo utahitaji darubini ya miguu mitatu yenye ukuzaji wa 20 hadi 60, ya kuazima au ya mwongozaji. Ukiipata, anza na 20 na usivuke 40 mchana. Tope lililopigwa na jua hutoa mazigazi, na kadiri unavyokuza ndivyo ndege wanavyotetemeka kama waliozama kwenye maji ya moto. Dawa ya mazigazi ni kungoja: maji yakishalifunika tope, hewa hutulia na ndege nao wamekaribia. Shusha miguu ya tripodi uwe unatazama umekaa, upepo wa kaskazi usiitikise, na uning'inize mfuko wa maji ya kunywa katikati yake kuipa uzito.

Sasa utambuzi. Watu wa pwani wengi huwaita ndege wote wadogo wa ufukweni kitwitwi, na hakuna ubaya, lakini vitabu vya ndege vitakutaka uwe na jina la kisayansi, kwa hiyo nayaweka hapa. Shauri langu la msingi: usianze na rangi. Mwezi Machi rangi inahadaa, maana ndege hawa wanabadilisha manyoya na utaona wawili wa aina moja, mmoja wa kijivu na mmoja amekwisha kuwa mwekundu. Anza na mdomo, kisha miguu, kisha mwendo.

Wa kwanza kumtafuta ni mla-kaa, Dromas ardeola. Ni mweupe na mweusi, ana miguu mirefu ya kijivu inayoelekea samawati, na mdomo mweusi mnene kama jambia. Hana ndugu: yeye ni spishi pekee katika familia yake nzima. Huzaliana kwenye visiwa na pwani za mchanga za Bahari ya Shamu, Oman, Ghuba na Somalia. Huchimba shimo kama la panya na kutaga yai moja jeupe, akiachia joto la mchanga limsaidie kulitamia. Kati ya Agosti na Aprili hushuka kwetu, na Mida ni mojawapo ya mahali panapotegemewa zaidi kumwona nchini Kenya. Mtazame anavyowinda: hatua chache, anasimama, anakimbia, anadaka. Ukiona mmoja wa kijivukijivu anamfuata mwingine akipiga kelele bila kukoma, huyo ni kinda wa mwaka huo ambaye bado analishwa, maelfu ya kilomita kutoka shimo alimoanguliwa. Hilo ni nadra sana kwa ndege wa ufukweni, na ni jambo la kukaa nalo dakika kumi nzima.

Sululu huwezi kumkosa, mdomo wake umepinda kama chombo chenyewe. Wapo wawili. Numenius phaeopus ana mistari ya giza na nyeupe utosini na hutoa sauti kama filimbi fupi mfululizo. Numenius arquata ni mkubwa zaidi, utosi hauna mistari, na mdomo umerefuka kupita kiasi. Mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu mifupi ya manjano ni Xenus cinereus, anayekimbia huku ameinama, anageuka ghafla, kama aliyeangusha shilingi. Tringa nebularia naye ana mdomo uliopinda juu kidogo, ila miguu yake ni mirefu ya kijani, na akiruka utaona mgongo mweupe uliochongoka kama kabari.

Pluvialis squatarola ni mnene, kichwa kikubwa, macho makubwa. Mwache aruke, kisha tazama kwapa: ni jeusi tii. Alama hiyo ikionekana mara moja, swali limekwisha.

Penye taabu ni vile vitwitwi viwili vya mchangani, Charadrius leschenaultii na Charadrius mongolus (vitabu vipya vimewahamishia kwenye jenasi Anarhynchus). Watu wanabishana juu yao miaka nenda miaka rudi. Pima mdomo kwa jicho: wa leschenaultii unalingana au unazidi umbali wa kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, na miguu yake ni mirefu, ya kijani kilichofifia. Wa mongolus ni mfupi kuliko umbali huo, na miguu mara nyingi ni ya giza. Fanya kipimo hicho ndege akiwa amekutolea ubavu kamili. Akikuelekea au akigeuka kidogo mdomo hufupika machoni, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Usipopata ubavu, andika “mmoja wa wawili” na uendelee. Daftari lenye maandishi hayo lina thamani kuliko lenye majina ya kubahatisha.

Miongoni mwa wadogo kabisa, mwenye mdomo mrefu ulioinama ncha ni Calidris ferruginea. Mwezi Machi wengine watakuwa na madoa mekundu kifuani, dalili ya safari ya kurudi kuzaliana kaskazini ya mbali, Siberia. Mdogo kuliko wote, mweusi miguu, mdomo mfupi ulionyooka, ni Calidris minuta. Buabua watakuwa kwenye ulimi wa mchanga: mwenye mdomo wa rangi ya chungwa ni Thalasseus bengalensis, mwenye mdomo wa manjano ya kijani na mwili mkubwa ni Thalasseus bergii.

Maji yakifika mizizini, geuza darubini kutoka kwenye tope uielekeze mitini. Hapa ndipo wengi hufunga mikoba na kuondoka, nao wanakosa kitu. Safu ya mbele ya mikoko, inayotazama maji, mara nyingi ni mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe wenye mizizi ya upinde. Sululu wa phaeopus na Xenus hupanda kwenye matawi na mizizi hiyo kungojea maji yapwe. Pekua tawi kwa tawi, kutoka kushoto kwenda kulia, ukitafuta mstari wa mlalo: tawi husimama wima au hupinda, mgongo wa ndege umelala.

Ukitaka kuhesabu, hesabu dakika ishirini za mwisho kabla hawajaruka, wakiwa wamebanana na hawali. Hesabu ndege kumi mmoja mmoja, ukariri ukubwa wa fungu hilo machoni, kisha pima kundi zima kwa mafungu ya kumi. Kundi likizidi mia tano, tumia mafungu ya hamsini. Rudia mara tatu. Hesabu zikitofautiana kidogo chukua ya katikati, zikitofautiana sana uanze upya. Anayeanza karibu kila mara hukadiria pungufu, kwa sababu wadogo hujificha nyuma ya wakubwa. Andika saa na kimo cha maji kando ya kila hesabu, la sivyo hutaweza kuilinganisha na ya siku nyingine. Na ukiona pete au bendera ya rangi mguuni, andika ni mguu upi, juu au chini ya goti, rangi, na herufi zake. A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, wamekuwa wakiwavisha ndege wa Mida pete, na taarifa ya pete moja iliyosomwa vizuri inaeleza safari ambayo hesabu ya elfu nzima haiwezi kuieleza.

Sasa hatari, na hili nalisema kwa uzito. Usitembee kwenye tope kuwafuata maji yanapojaa. Uwanda wa Mida una mikondo, na mikondo hujaa kabla ya tope lililoinuka. Mtu husimama pakavu akidhani yuko salama, kumbe nyuma yake maji yamefika kiunoni, na katika saa ya tatu na ya nne hana dakika za kupoteza. Ukitaka kutembea, tembea asubuhi maji yakipwa, uwe na mwenyeji, na uanze kurudi kabla ya saa 4:05. Vaa raba za kufunga kamba. Ndara hubaki topeni, na miguu mitupu hukatwa na chaza walioshika mizizi.

Hatari ya pili ni yao. Ndege wa Machi wanajaza mafuta ya safari, na muda wao wa kula unakatizwa na maji mara mbili kwa siku. Wakiwa wamepumzika kwenye kipande cha mwisho cha mchanga, kuwarusha mara tatu ni kuwachomea mafuta ambayo hawatapata pa kuyarudisha kabla tope halijafunguka. Wakianza kunyoosha shingo zote pamoja na kuacha kujisafisha, umekaribia mno: rudi nyuma polepole, usisubiri waruke. Ukikodi mtumbwi, mwambie nahodha azime mashine mbali na kusogea kwa pondo, apite ubavuni mwao, asiwaelekee. Droni iache nyumbani. Wao hawaioni tofauti na mwewe.

Asubuhi ya siku hiyo usiipoteze. Kujaa kwa usiku kutakuwa karibu saa 10 alfajiri, kwa hiyo jua likichomoza, saa 12:20 hivi, maji yatakuwa yameshuka zaidi ya mita moja na tope la juu limeanza kuonekana. Ndege wenye njaa hurudi hapo kwanza. Ila upande wa bara jua litakuwa usoni mwako, kwa hiyo asubuhi hiyo anzia upande wa Watamu. Kufikia saa 3 watakuwa wametawanyika mbali mno. Ingia Arabuko-Sokoke, lango lake liko ng'ambo ya barabara kuu karibu na njia ya kushukia Mida, upate kivuli hadi saa 6, ule, unywe maji ya kutosha, kisha ushuke horini.

Jioni baada ya saa 10:20 baki mahali pako. Maji yatasimama, yataanza kurudi, na kufikia magharibi yatakuwa yameshuka karibu mita moja. Sululu watashuka mitini mmoja mmoja. Msimu huu wa kaskazi keremkerem wekundu, Merops nubicus, hupita juu ya hori jua likizama kwenda kulala mikokoni, kwa hiyo tazama juu pia. Na usisahau ule mzizi wako wa alama: saa uliyoandika maji yaliposimama ndiyo utakayoitumia bamvua linalofuata, wiki mbili baadaye, kabla wengi wao hawajaondoka mwezi Aprili.